Wifi Yangu Afungua Redio Akiwa Kwenye Kochi

"Nimefungiwa nje ya chombo changu mwenyewe! Chombo nilichokifunga kwa mikono hii, nikakifuta vumbi, nikakilaza jioni na kukiamsha alfajiri! Leo mtu amekaa kwenye kiti cha kuzunguka ananiambia niandike barua rasmi! Barua ya nini? Ya kuomba kuingia jikoni kwangu?"

Makelele hayo yalinipokea mlangoni, kikombe cha chai mkononi. Aliyekuwa akibwata kwenye simu ni wifi yangu, dada wa mume wangu, kitinda mimba wao. Alikuwa amejilaza kwenye kochi langu la sebuleni, mguu wa kulia umefungwa plasta ngumu na kuinuliwa juu ya mito miwili, kompyuta ya kubeba iko tumboni kama mtoto mchanga. Simu alikuwa ameiweka sauti ya juu, kwa hiyo nilimsikia na yule wa upande wa pili. Sauti ya mwanamume, taratibu, haipandi wala haishuki. Nadhani ndiyo iliyokuwa ikimchefua zaidi.

"Bibie, mlango unaoangalia barabarani mimi sifungui."

"Kwani nimesema ufungulie dunia nzima? Nifungulie mimi!"

"Mlango haujui kwamba ni wewe."

"Basi uujulishe, si ndiyo kazi yako?"

Simu ikakatika. Wifi akaitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Kanikatia?"

"Kakukatia. Kunywa chai."

Ngoja niwaelezee habari za huyu mtu vizuri, maana ukimkuta amekasirika unaweza kudhani ndivyo alivyo siku zote. Wifi yangu ni fundi wa mitambo wa ile redio ndogo ya mtaani kwetu. (Neno wifi na mambo ya mtandao watoto wa hapa nje wamekwisha kulichezea mpaka likachakaa, tuliache.) Alipokuwa mdogo aliifungua redio ya baba yake kutafuta watu waliokuwa wakisema ndani. Hakuwakuta, akala viboko, na tangu siku hiyo, anasema yeye, amekuwa akiwatafuta. Ameshapanda mnara wa redio kwa sketi, upepo unavuma, na mume wangu chini ameziba macho kwa aibu na hofu. Mwanamke wa namna hiyo amekuja kuvunjika mguu kwa kuanguka kwenye stuli akitundika pazia. Nilipomcheka alinitupia pazia.

Mimi kazi yangu ni kufua na kupiga pasi. Chumba cha mbele ndicho kiwanda changu: meza ndefu, pasi mbili, kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na redio juu ya kabati. Shule yangu iliishia msingi, lakini pasi yangu haijawahi kuunguza kola ya mtu, na masikio ninayo. Nikiwa napiga pasi, redio ile haizimwi. Kwa hiyo wifi akisema redio itakwama, mimi nasimama.

Kumbe siku hizi hakuna mtu anayekaa pale akiweka wimbo baada ya wimbo. Kuna kompyuta moja, ndiyo ina nyimbo zote, matangazo yote, milio ya saa, na inavitoa kwa mpangilio. Lakini ni lazima mtu aipange, aiangalie, na ikikwama aikwamue. Mtu huyo ndiye wifi. Alfajiri, kabla mtangazaji hajageuka upande wa pili kitandani, yeye alikuwa tayari studio, amekiamsha chombo, redio imefunguka kwa mlio wake na kipindi cha salamu. Sasa mguu umevunjika, redio haifunguki mpaka mtangazaji afike jua limepanda, studio iko ghorofa ya pili, na ngazi za jengo lile hata mwenye miguu miwili mizima anapumzika katikati.

Mwenye redio alikuja kumjulia hali. Akaketi kwenye ncha ya kiti, akaanza maneno ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Fundi, unajua ninavyokuheshimu."

"Najua. Sema lililokuleta."

"Mpwa wangu amemaliza masomo yake ya kompyuta. Anaweza kukushikia nafasi."

"Kunishikia mpaka lini?"

"Tutaona."

Mimi nikiwa kwenye pasi nilikohoa. "Tutaona" ya bosi haina tofauti na kwaheri. Wifi alizungusha kikombe mkononi. Kazi ile ndiyo maisha yake. Mume hana, mtoto hana, ana chombo kile na sisi. Kisha akasema jambo ambalo nadhani hata yeye hakuwa amelifikiria mpaka lilipotoka.

"Nitaifungua kutoka hapa. Kwenye kochi hili. Kompyuta hii itaishika ile ya studio, nitaona kila kitu kama niko mbele yake."

Mwenye redio akacheka kidogo. Akaona wifi hacheki.

"Haya," akasema. "Jumatatu alfajiri redio ikifunguka kwa saa yake na wewe uko hapa, nafasi ni yako, hata ukitaka kustaafia kwenye kochi. Isipofunguka, mpwa wangu anaanza siku hiyohiyo."

Ndiyo hiyo sababu ya makelele ya Alhamisi niliyoanzia. Kati ya kochi langu na studio alikuwa amekaa mtu mmoja, na mtaa mzima unamwita Kufuli.

Kufuli ndiye mlinzi wa mtandao wa jengo lile zima. Chini kuna duka la dawa, juu kuna mawakili, katikati redio, na wote wanatumia laini moja inayopita mikononi mwake. Mimi namjua kwa mashati. Meupe yote, kola anataka iwekwe wanga mpaka iweze kukata mkate. Haongei sana. Akichukua nguo anahesabu vifungo.

"Ni ukuta wa moto," wifi akanieleza baada ya chai.

Niliposikia moto nikakumbuka pasi, nikakimbia. Niliporudi alikuwa amepoa kidogo.

"Si moto wa kuunguza. Ni programu inayokaa getini. Kitu kikitoka ndani kwenda nje kinapita, na jibu lake likirudi linapita. Lakini kitu kikija kutoka nje bila kuitwa, kinarudishwa palepale. Hata jina hakiulizwi."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuja bila kuitwa."

"Mimi! Kwenye studio yangu!"

"Ungekuwa mwenye duka la dawa, ungependa kila anayepiga hodi afunguliwe?"

Akaninunia. Lakini nilimwona macho yamehama, yameganda kwenye kamba yangu ya nguo, na namjua akiwa hivyo kuna kitu kinachemka. Alikaa hivyo mpaka nilipomaliza mashuka mawili.

"Wifi," akasema, "mimi nakosea njia. Nang'ang'ania kuingia. Wakati kutoka ni ruhusa."

"Nani atoke?"

"Chombo cha studio. Kitoke chenyewe kije kuniita."

"Kije hapa kwenye kochi?"

"Hapana, hapa nyumbani nako tuko nyuma ya ukuta, wa kampuni ya simu. Yeye hawezi kuja kwangu, mimi siwezi kwenda kwake. Hapo inafanywaje, kijana yuko kwao na binti yuko kwao?"

"Anatafutwa mshenga."

"Ehe! Kuna kompyuta za kukodi, ziko mbali huko, hazilali, na anwani yake inajulikana. Chombo cha studio kitatoka kiende kwa mshenga. Mimi nitatoka niende kwa mshenga. Yeye anatuunganisha. Kote kuwili ni kutoka tu, hakuna aliyevunja mlango wa mtu. Na neno la siri nitaliweka refu, mshenga mwenyewe asiweze kulitamka."

Posa nimezisikiliza nyingi, ya mashine na mashine ilikuwa ya kwanza. Nikamwambia aendelee.

Tatizo likabaki moja: mtu wa kumfanyia kazi hiyo kule studio, maana ilibidi chombo kipewe amri mara ya kwanza kwa mkono. Aliyekuwepo ni mtangazaji wa kutwa, ambaye kwa ajili ya sauti yake wanamwita Asali. Sauti kweli ni asali. Kichwa, mbele ya kompyuta, ni mzinga mtupu. Ijumaa asubuhi, katikati ya wimbo mrefu, wifi alimpigia.

"Bonyeza Enta."

"Ipi?"

"Ile kubwa ya kulia, yenye mshale uliopinda."

"Ah, hii! Mimi siku zote nadhani ni ya kurudi nyumbani. Nimebonyeza."

"Imeandika nini?"

"Imeandika Kiingereza."

"Nisomee!"

Akasoma kwa ile sauti ya hewani, kwa vituo, kama anatangaza matokeo ya uchaguzi. Mimi pasi niliiweka pembeni, nisije nikaunguza kitu kwa kucheka.

"Sasa andika nitakachokutajia. Herufi ndogo zote. Halafu kistari."

"Cha juu au cha chini?"

"Cha katikati!"

"Usinifokee, dada, mimi nina wasikilizaji."

"Wasikilizaji watakuwa wa mpwa wa bosi ukikosea hapo. Nisomee ulichoandika."

Alikosea, akafuta, akakosea tena. Mara moja alifuta kila kitu, wifi akatamka neno ambalo sitaliandika. Wimbo uliisha, Asali akakimbilia kipaza sauti, akawaambia wasikilizaji wapendwa kwamba kuna shughuli ndogo ya kifundi, akaweka wimbo mwingine mrefu zaidi. Halafu, katikati ya huo wimbo, wifi akapiga yowe.

Nilidhani mguu. Nikatupa shati, nikaenda mbio.

"Tazama!"

Kwenye kompyuta yake ilikuwa imetokea ile ya studio, yote, na orodha ya nyimbo na mshale unaotembea. "Wimbo gani unautaka?" akaniuliza. Nikamtajia mmoja wa zamani, wa ujana wangu. Akabonyeza. Redio ya juu ya kabati ikakohoa, ikanyamaza kidogo, na wimbo wangu ukaanza. Jamani! Nilicheza peke yangu kati ya shuka za watu, yeye kwenye kochi anacheza mabega, plasta inapiga mto. Mume wangu alipoingia kutoka nje alisimama mlangoni na kofia mkononi, akauliza nani ameolewa.

Furaha ile haikumaliza siku. Jioni, redio ilipofunga matangazo, wifi aliitazama kompyuta yake akakuta kiza. Chombo hakionekani. Mshenga yupo, yeye yupo, kule studio kimya.

"Kufuli," akasema.

Simu ikalia palepale. Alikuwa yeye. Wifi akaikata. Ikalia tena, akaikata tena. "Amenifungia, sasa anataka kunisikia nikilia. Hapati."

Jumamosi Asali akasumbuliwa upya, akaandika mistari yake, safari hii kwa haraka kidogo, njia ikafunguka. Jioni ikaja, redio ikafunga, kiza kilekile. Wifi akamtukana Kufuli kuanzia unyayo hadi utosi. Alimwita komeo, akamwita jiwe la mlangoni, akasema mashati yake meupe ni kwa sababu ndani hamna kitu cha kuchafuka. Hilo la mwisho lilikuwa zuri, nililiweka akiba.

"Saa ileile anayofunga ofisi!" alisema. "Anatoka, ananikata, anaenda zake kulala. Kesho kutwa alfajiri Asali hayupo, nani atanifungulia? Wifi, nimekwisha."

Akageuka akaelekea mgongo wa kochi. Hakulia, huyu halii, lakini hakula pia.

Jumapili jioni nikafunga mashati ya Kufuli kwenye karatasi, nikajitanda kanga, nikaenda kwake. Kwa kawaida nampelekea Jumanne. Lakini kama chombo kina mshenga, wifi yangu naye akose?

Alinifungulia mwenyewe. Hata Jumapili alikuwa na kola.

"Karibu, dada. Umekuja na mashati au na ujumbe?"

"Vyote. Ujumbe kwanza. Mashati utayapata ukinijibu vizuri."

Sebuleni alikuwepo mama yake, bibi mnene mchangamfu, redio mezani mbele yake, imevikwa kitambaa cha kushonwa maua. Alikuwa akisikiliza redio yetu. Nikamwamkia, akaniitikia, akapunguza sauti ya redio ili asikose neno letu lolote.

"Kwa nini kila jioni unamkata wifi yangu?" nikamuuliza Kufuli.

"Mimi? Nimemfungulia tangu Ijumaa."

Nikamtazama usoni kama ninavyotazama doa, kujua ni la mafuta au la kutu.

"Ijumaa niliona kompyuta ya redio inatoka kwenda mahali nisipopajua," akasema. "Kazi yangu ni kuuliza. Nikampigia mwenye redio, akasema ni fundi wake na yeye ameridhia. Basi nikaandika pale ukutani: huyu apite, aende kwa yule mmoja tu, kwingine hapana. Nikampigia wifi yako kumjulisha. Alinikatia mara mbili."

"Umemfungulia, na matusi yote yale?"

"Aliniomba vibaya. Lakini alichokifanya mwisho ni kizuri kuliko alichoniomba mwanzo. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo."

"Basi nani anamkata jioni?"

"Hakatwi na mtu. Redio ikifunga, kompyuta yenyewe inapotea. Naona kwangu, haipo kabisa. Imezimwa, dada. Na chombo kilichozimwa hakipigi simu kwa mtu."

Nikakaa bila kukaribishwa. Mama yake akatumia nafasi hiyo.

"Ni wa redio huyu?"

"Ni wifi wa fundi wa redio, Mama."

"Aaa! Fundi!" Bibi akapiga kofi paja lake. "Mwambie bado nasubiri."

"Unasubiri nini, mama?"

"Salamu zangu! Nilipotoka hospitali, huyu mwanangu alinipelekea salamu redioni. Fundi akampa neno: kesho alfajiri zitasomwa. Nikavaa gauni langu jipya. Nikaita majirani wote, wengine na viti vyao. Tukakaa. Wakasalimiwa watu wa dunia nzima, mwanangu, hata mtu na mbuzi wake walisalimiwa. Mimi hola! Ikabidi niwaambie majirani ni betri."

Alicheka mpaka akajifuta macho. Kufuli hakucheka. Alikuwa akihesabu vifungo vya shati alilovaa.

"Nilimuuliza," akasema polepole. "Akaniambia mtambo ulikwama, zitasomwa kesho. Hiyo kesho haijafika."

"Ndiyo maana ulikataa kumfungulia?"

"Hapana. Kufunga ni kazi. Hili la Mama ni kati yangu na yeye, na sikutaka kulileta kwenye kazi."

Nikamwachia mashati yote. Nikatoka pale karibu kukimbia, nikaelekea redioni, nikazipanda zile ngazi na kupumzika katikati kama kila mtu. Asali alikuwa akiaga wasikilizaji. Nilimkuta mama wa usafi, mwanamke mwembamba mwenye ufunguo shingoni, amekwisha kunyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani.

"Dada, subiri! Unazima nini?"

"Kila kitu," akajibu kwa fahari. "Amri ya fundi. Tangu aumie mimi ndiye ninayetoka mwisho, na sijasahau hata jioni moja."

Akanionyesha juu ya swichi. Pale palibandikwa karatasi, herufi kubwa nyekundu, na mwandiko nikaujua kabla ya kusoma: ANAYETOKA MWISHO AZIME KILA KITU UKUTANI. KISIBAKI HATA KIMOJA. FUNDI. Na mstari chini ya KIMOJA, mara mbili.

Nikamweleza yule mama kwamba amri imebadilika. Akakataa. Amri ya fundi aibadilishe fundi. Nikampigia wifi.

"Wifi, niko studio. Mwambie dada huyu asizime kompyuta."

"Asizime? Kwani anazi..." Nilimsikia akivuta pumzi. "Nilikuwa naizima mwenyewe," akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Kila jioni. Naizima, alfajiri naiwasha. Mkono umezoea hata kichwa hakijui."

"Na karatasi?"

"Niliibandika kwa sababu ya ugomvi wa bili ya umeme na bosi. Mungu wangu, wifi. Mpe simu huyo dada, leo asizime chochote."

Karatasi niliibandua nikarudi nayo nyumbani. Nikaibandika juu ya plasta ya mguu wake, mbele ya kaka yake. Wifi aliisoma kama anaisoma kwa mara ya kwanza. Kisha akaanza kucheka, kucheka kule kusiko na sauti, mabega tu, mpaka kochi likasogea, mpaka mume wangu naye akaanza bila kujua anacheka nini.

"Na Kufuli alinifungulia tangu Ijumaa?"

"Tangu Ijumaa. Na wewe una deni kwake." Nikampa yote: gauni jipya, majirani na viti vyao, mbuzi, betri. Kicheko kikapungua taratibu, kikaisha.

"Nilisahau," akasema. "Nilimpa neno langu, nikasahau kabisa." Akachukua simu. Safari hii yeye ndiye aliyesubiri ipokewe.

"Ni mimi."

"Najua."

"Nimekutukana siku tatu."

"Nimesikia baadhi."

"Mengine hukuwepo."

"Hayo pia yatakuwa yamenifikia. Mtaa mdogo huu."

"Nisamehe, kaka yangu. Nilikuwa na makosa pande zote." Akachukua kalamu. "Zile salamu za mama. Ulizileta zikisemaje?"

Kufuli, ambaye maneno yake ni ya kupimwa kwa kijiko, akazitaja zote tangu mwanzo hadi mwisho bila kusita, kama mtu aliyekuwa amezishika mdomoni muda wote huo. Wifi akaandika nyuma ya karatasi yake ya herufi nyekundu.

Swali likawa nani azisome. Salamu za alfajiri huwa Asali anazirekodi jioni, na alikwisha kwenda zake. Wifi akanitazama, nikamwambia hata asithubutu. Basi akajifunika blanketi gubigubi ili mtaa usisikike, akarekodi mwenyewe kwenye simu, yeye ambaye kazi yake yote ni kupitisha sauti za wengine. Alirudia mpaka mume wangu akazikariri. Kisha akazituma: kwa mshenga, kutoka kwa mshenga hadi studio, zikakaa kwenye foleni mbele ya kila kitu.

Jumatatu alfajiri tulikuwa macho nyumba nzima. Mume wangu na fulana yake, mimi na kanga, redio tumeishusha kutoka juu ya kabati na kuiweka mezani, inatoa ule mvumo wa kituo ambacho hakijaamka. Wifi alifungua kompyuta yake. Chombo kilikuwepo. Kilikuwa hapo usiku kucha kikimngoja. Akapangusa vidole kwenye blanketi, akabonyeza.

Mlio wa redio ukapasua chumba. Kisha sauti ya wifi yangu, kavu kidogo, isiyo na asali yoyote: "Salamu za kwanza leo ni deni la zamani." Akamtaja mama yake Kufuli kwa majina yake yote matatu, akamwambia mwanawe anamshukuru Mungu kwa kumrudisha nyumbani akiwa mzima, na kwamba bila kelele zake nyumba ile ilikuwa kaburi. Hayo ndiyo maneno ya Kufuli, nawaapia. Kisha wimbo.

Mume wangu akasema ana mafua. Akatoka nje.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mwenye redio. "Fundi, hiyo sauti ya nani?"

"Ya fundi."

"Hm." Tukasikia kitanda chake kikilalamika. "Sawa. Mpwa wangu nitamtafutia la kufanya."

Nikawasha pasi, siku ikaanza. Jua lilikuwa limepanda kidogo Kufuli aliposimama mlangoni kwangu akienda kazini, shati nililolipiga pasi mwilini, kola imesimama. Hakuwahi kupita pale hata siku moja; nguo zake nampelekea. Akachungulia sebuleni kwa adabu.

"Mama amelivaa lile gauni tangu jana jioni," akasema. "Anasema deni limekwisha, hana kinyongo."

"Na wewe?" wifi akauliza kutoka kwenye kochi.

"Mimi nilikuwa nadai kwa niaba yake." Akaangalia viatu vyake. "Ila jirani mmoja alichelewa, alikuwa anatafuta kiti. Mama anauliza kama..."

Wifi alikuwa amekwisha kubonyeza. Wimbo uliokuwa hewani ukakatwa katikati, na Asali, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia studio, lazima aliruka. Nikamsogezea Kufuli stuli, ileile iliyomvunja mtu mguu, akaketi kwa uangalifu ili shati lisikunjike, na salamu za mama yake zikaanza upya.